Je, Wajua? Hewa ya Ntalikwa na Mashine ya Kupumulia
Ntalikwa, mkoani Tabora, iko kwenye uwanda wenye mwinuko wa takriban mita 1,200. Hewa yake ina asilimia 21 ya oksijeni, sawa na ya pwani, lakini mgandamizo wake hushuka kutoka milimita 760 za zebaki hadi karibu 660. Kila pumzi huingiza oksijeni pungufu.

Kwa mgonjwa anayepumua kwa mashine, tofauti hiyo ni kubwa. Daktari hupima oksijeni kwenye damu ya ateri, kisha huigawanya kwa sehemu ya oksijeni anayopewa mgonjwa. Jibu lisilozidi 300 ni mojawapo ya dalili za mapafu kuumia vibaya. Mapafu yaleyale yangetoa namba ndogo zaidi Tabora kuliko Tanga, ndiyo maana vigezo vya Berlin vya 2012, vya kutambua hali hiyo, vinataka hesabu irekebishwe juu ya mita 1,000.

Na pasipokuwa na kipimo cha damu hiyo? Jibu lilitoka jirani, Kigali. Utafiti uliochapishwa 2016 ulitumia kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni, na ultrasaundi ya mapafu badala ya eksirei pekee. Mwaka 2023 vigezo vipya vya dunia vikavikubali vyote viwili. Afrika Mashariki ilistahili kusikilizwa mapema zaidi.