Rezini Haikauki: Maneno ya Sanaa ya Kumimina

Sentensi ifuatayo haina kosa la kisarufi: «Changanya rezini na dawa yake, mwaga juu ya ubao, pitisha tochi kuondoa povu, kisha iache ikauke juani.» Hata hivyo, mtu akiifuata neno kwa neno nyumbani kwake, ataharibu ubao, atapoteza fedha, na huenda akaumia. Kasoro yake imo katika uteuzi wa maneno, na kila neno lililokosewa linastahili kuchunguzwa peke yake.

Rezini, utomvu, ulimbo, sandarusi

Kiswahili kina maneno ya kale ya vitu vinavyonata na kuganda. Utomvu ni majimaji yatokayo mtini unapochanjwa. Ulimbo ni utomvu mzito wa kunasia ndege. Sandarusi ni utomvu ulioganda wa mti wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 ulichimbwa ardhini na kusafirishwa kutoka Zanzibar hadi Ulaya na hadi Salem, Marekani, kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Rezini inayotumiwa na wasanii wa leo, yaani epoksi, hufanana na hivyo kwa sura tu. Hutengenezwa kiwandani, nayo huuzwa katika chupa mbili. Mfasiri akiiita ulimbo, msomaji atadhani ni kitu kimoja kinachonata chenyewe. Neno la mkopo, rezini, ndilo salama zaidi.

Dawa au kigandishi

Kuiita chupa ya pili «dawa» ni Kiswahili cha kawaida, kama dawa ya viatu au dawa ya mbu. Lakini neno hilo hubeba fikra kwamba ikizidi, kazi itaharakishwa. Sivyo. Molekuli za chupa moja hushikana na za chupa nyingine kwa uwiano maalumu. Kigandishi kikizidi, sehemu iliyozidi hukosa ya kushikana nayo, na uso wa kazi huweza kubaki laini au wenye kunata. Kikipungua, matokeo si bora.

Kwa hiyo maelezo hayana budi kutaja uwiano, na kusema kama ni wa ujazo au wa uzito, kwa kuwa vimiminika hivyo viwili havina uzito sawa. Tuseme ubao una upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 40, na tabaka linalotakiwa ni la milimita 3. Zidisha 30 kwa 40 kwa 0.3: hupatikana mililita 360. Ikiwa lebo yasema 1:1 kwa ujazo, hupimwa mililita 180 za kila chupa. Ikiwa yasema 2:1, rezini ni 240 na kigandishi 120.

Changanya, koroga, piga

Kuchanganya ni kutia pamoja. Hakuelezi mkono ufanye nini. Kukoroga ni kuzungusha kijiti polepole, kama mtu akorogavyo uji. Kupiga, kama kupiga mayai, huingiza hewa. Rezini hukorogwa, haipigwi. Kwa kawaida dakika 3 hadi 5 hutosha, huku kijiti kikikwangua kando na kitako cha kikombe, maana kilichosalia hapo bila kukorogwa huacha madoa yasiyoganda.

Mimina, si mwaga

Maji machafu humwagwa, chai humiminwa. Kitenzi cha kwanza hudokeza kutupa au kupoteza, cha pili hudokeza kuelekeza. Kabla ya kumimina, ubao husawazishwa kwa pimamaji, kwani rezini hutambaa kufuata mteremko hata ulio mdogo. Anayetaka picha ya bahari humimina kwanza samawati, kisha mstari mwembamba mweupe, ambao husukumwa kwa hewa ya moto ya kikausha nywele hadi ufanane na povu la wimbi. Chombo hicho, licha ya jina lake, hapa hakikaushi chochote. Kazi yake ni kusukuma.

Kiputo, povu, tochi

Povu ni kundi la viputo, kama la sabuni. Katika rezini kinachoonekana kwa kawaida ni kiputo kimojakimoja. Viputo huondolewa kwa mwali mdogo wa gesi unaopitishwa upesi juu ya uso, bila kutulia mahali pamoja. Maelezo ya Kiingereza hukiita chombo hicho kwa jina ambalo Kiswahili kimelikopa kwa maana ya kurunzi. Anayeandika «pitisha tochi» atamfanya msomaji aimulike picha yake, na viputo vitabaki pale pale.

Kauka, ganda, komaa

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Kukauka ni kuondokewa na maji: nguo hukauka, kisima hukauka. Epoksi haina maji ya kuondoka. Hushikana kwa mmenyuko wa kikemia, na mmenyuko huo hutoa joto. Mwashi anajua jambo la namna hii, kwani zege likishashika hulimwagia maji kwa siku kadhaa. Lingekuwa linahitaji kukauka, asingefanya hivyo.

Anayeamini kwamba rezini hukauka ataianika juani. Jua hupanua hewa iliyomo ubaoni na kuibua viputo vipya, na upepo huleta vumbi. Tena, ataacha mchanganyiko mwingi kikombeni akidhani umehifadhika. Ukiwa umerundikana hivyo, joto lake hukosa njia ya kutoka, na kikombe chaweza kuyeyuka au kufuka moshi.

Kuganda ni neno bora, ila lina upungufu wake: mafuta ya nazi yaliyoganda huyeyuka tena, ilhali epoksi iliyoshikana haiyeyuki. Kwa sababu hiyo yafaa kutenga hatua mbili. Rezini huganda, kiasi cha kutonata ikiguswa, mara nyingi baada ya saa 24. Hukomaa, yaani hufikia ugumu wake kamili, baada ya siku kadhaa. Lebo zinazotaja muda hutofautisha hatua hizi, na tafsiri nayo yapaswa kuzitofautisha.

Tofauti hiyo inahusu pia afya. Rezini ambayo haijaganda ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio usioisha. Kwa hiyo glavu za nitrili huvaliwa, madirisha hufunguliwa, na ngozi iliyoguswa huoshwa kwa sabuni na maji, si kwa spiriti.

Sentensi ya mwanzo, ikisahihishwa, yaweza kuandikwa hivi: «Vaa glavu. Pima rezini na kigandishi kwa uwiano ulioandikwa kwenye lebo, koroga polepole, mimina juu ya ubao uliosawazishwa, pitisha mwali mdogo wa gesi upesi ili kupasua viputo, kisha funika ubao kivulini mpaka rezini igande na kukomaa.» Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini anayeifuata hatapotezwa nayo.