Uvimbe wa Majani katika Titi

Si kila uvimbe wa titi ni kansa, wala si kila kansa ya titi huanzia katika mirija na tezi za maziwa. Miongoni mwa uvimbe wa nadra umo ule uitwao filode, ambao haufikii hata mmoja katika kila uvimbe 100 wa titi. Huota katika nyama unganishi zinazoizunguka mirija hiyo, na huwapata zaidi wanawake wenye umri wa miaka 40 hadi 50.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1838 na mtaalamu wa Kijerumani, Johannes Müller. Uvimbe huo ukipasuliwa huonyesha mikunjo mfano wa majani, naye akatumia neno la Kigiriki lenye maana ya jani.

Ugumu umo katika kuutambua. Picha ya eksirei huonyesha kivuli cha mviringo chenye ukingo laini. Mawimbi ya sauti huonyesha nyama ngumu, pengine yenye nyufa za majimaji. Lakini faibroadenoma, uvimbe usio wa hatari unaowapata sana wasichana, huweza kuonekana vivyo hivyo. Picha hueleza mahali na ukubwa, tabia haielezi. Dalili inayomtia daktari shaka ni uvimbe kukua upesi katika miezi michache.

Hapo huchukuliwa kipande cha nyama kwa sindano nene, kikachunguzwa kwa hadubini. Sindano nyembamba haitoshi, kwa kuwa hutoa chembe zilizotengana, zisizoonyesha mpangilio wa nyama. Mara nyingi uamuzi wa mwisho hungoja uvimbe wote utolewe. Mchunguzi huhesabu chembe zinazogawanyika, hutazama msongamano wake na ukingo wa uvimbe, kisha huuweka katika daraja moja kati ya matatu: usio wa hatari, wa kati, au wa kansa. Ulio mwingi ni wa daraja la kwanza.

Tofauti hizo ndizo ziongozazo matibabu. Faibroadenoma huweza kubanduliwa kama kokwa katika tunda, au kuachwa na kuangaliwa. Filode ikibanduliwa hivyo huweza kuacha vijidole vyake nyuma, ikaota tena. Ile ya kansa ikienea hupita katika damu, hasa hadi mapafuni, na ni nadra kufika katika tezi za kwapani. Basi kwa kawaida tezi hizo hazikatwi. Tiba yake kuu ni kuukata uvimbe wote pamoja na ukanda wa nyama nzima unaouzunguka.

Uvimbe huu aghalabu hauumi. Anayengoja maumivu ndipo aende hospitali huenda akauacha ukue bure.