Sura ya Kwanza Isiyokwisha

Kazi yangu ni kuchapa. Nina duka dogo la steshenari hapa Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na rafu ya madaftari. Wateja huniletea barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya vikoba, ripoti za wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe. Na huniletea hadithi. Mgeni haamini ni vijana wangapi wa mitaa hii wanaoandika riwaya na tamthilia kwenye kaunta buku usiku, baada ya kufunga genge au kulaza bodaboda. Chache huisha. Zinazokwama hazikwami kwa kukosa kipaji. Mara nyingi zenye kipaji ndizo zinazokwama, kwa kuwa mwenyewe hataki kufungua ukurasa wa pili mpaka wa kwanza usiwe na doa.

Yupo kijana anayeandika riwaya inayoanzia Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Kurasa za mwanzo za daftari lake zimepakwa wino mweupe wa kufutia, tabaka juu ya tabaka, hata karatasi imekuwa ngumu na inakatika ukiikunja. Sentensi ya kwanza inahusu ukungu. Kwanza ulitanda. Kisha akaona bora ushuke. Akaja asubuhi, kabla sijamaliza kufagia, akasema, “Dada, samahani, tubadilishe hapa, ukungu uufunike mlima.” Nikachapa, nikaprinti, akasoma amesimama kaunta na kalamu mkononi, akakata. Wiki iliyofuata ukungu ukarudi kutanda. Baada ya sura hiyo daftari ni jeupe mpaka jalada la nyuma.

Hadithi yenyewe anayo yote. Jioni moja umeme ulikatika, akanisimulia tukiwa gizani: mjomba anayetaka kuuza shamba la ukoo, mama anayekataa kwa sababu Uluguru ardhi hurithiwa upande wa mama, binti anayeshuka mjini kutafuta barua ya zamani. Alizungumza bila kusita, akaigiza sauti za wazee, nami nilishindwa kufunga duka. Hakuna hata neno moja la simulizi hiyo lililokuwa kwenye karatasi.

Kukwama kwa namna hii kumechunguzwa. Mwaka 1980 Mike Rose, mwalimu wa uandishi huko Los Angeles, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 10 wa chuo kikuu, watano wanaokwama waandikapo na watano wasiokwama. Waliokwama hawakuwa na akili pungufu. Walikuwa wamebeba kanuni wasizoruhusu zilegee, kwa mfano kwamba mwanzo lazima umnase msomaji papo hapo, na hawakuweza kusonga mbele kabla ya kuzitimiza. Wenzao walikuwa na kanuni pia, ila kanuni ikiwazuia waliiweka kando. Mwaka 1991 wanasaikolojia wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, walieleza sura tatu za tamaa hii ya ukamilifu: ya mtu anayejidai ukamilifu mwenyewe, ya anayeudai kwa wengine, na ya anayeamini kwamba wengine wanaudai kwake.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayokutana nayo dukani kila siku. Sisi tulifundishwa kuandika kwa insha, na insha ilirudi imejaa wino mwekundu. Hakuna aliyetueleza kwamba mwandishi hodari naye huanza na rasimu mbovu; vitabu tulivipokea vimekwisha kusafishwa, tukadhani vilizaliwa hivyo. Mtunga mashairi ana mzigo wa ziada wa vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, mabingwa wa jadi walikataa kuyaita mashairi. Leo jina lake halikwepeki katika masomo ya fasihi ya Kiswahili. Angengoja kila mtu aridhike, tusingekuwa na Kichomi.

Mfano ninaowapa wateja wangu mara kwa mara ni wa Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1978, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, Kenya, bila kushtakiwa, aliandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za msalani. Askari waliuchukua mswada, na baadaye akarudishiwa. Kitabu kilitoka mwaka 1980, na mwaka 1982 kikaja kwa Kiswahili kikiitwa Shetani Msalabani. Katika karatasi zile alikuwa na jambo la kusema, basi akalisema. Kusafisha kulikuja baadaye.

Maana kusafisha kupo, na mimi sitetei uzembe. Mswada wenye “apa” badala ya “hapa” unaniumiza, na ushairi wa arudhi nauheshimu sana. Kaluta Amri Abedi alituandikia sheria zake mwaka 1954 na bado zinafaa. Ninachopinga ni kuandika na kuhariri katika kikao kimoja. Peter Elbow, Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alipendekeza zoezi la dakika 10 la kuandika bila kusimama, bila kufuta, hata ukiishiwa unaandika kwamba umeishiwa. Ninaowashauri wajaribu zoezi hilo hulalamika siku za mwanzo kwamba wanaandika upuuzi. Ni kweli, na ndani yake huwa na sentensi mbili tatu ambazo wino mweupe usingewaruhusu wazifikie.

Kwa watu wetu, hata hivyo, dawa ninayoiamini zaidi ni mdomo. Washa kinasa sauti cha simu, simulia sura nzima kama unavyomsimulia jirani, kisha iandike ulivyosema. Bibi zetu hawakurudia “paukwa” mpaka ikae vizuri. Watoto walikuwa wamekwisha kuitikia “pakawa”, hadithi ikaendelea. Kijana wa Kinole ameanza hivyo. Mahali asipopata neno namwekea “HAPA BADO” kwa herufi kubwa, tunapita. Sasa mjomba amekwisha kumleta mnunuzi shambani.

Tarehe nayo husaidia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hupokea miswada iliyokamilika na ina siku ya kufunga. Mwandishi asiye na tarehe hupaka rangi mlango uleule maisha yake yote. Na maisha hayangoji: mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyeipa Morogoro jina kwa gitaa lake, alifariki kwa ajali Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu, na nyimbo zake bado zinapigwa redioni. Alizitoa akiwa hai, moja baada ya nyingine.

Wewe mwenye daftari chini ya godoro, sura ya kwanza umeirudia vya kutosha. Leo usiisome. Geuza ukurasa, andika “Sura ya Pili”, endelea mpaka hadithi iishe, ndipo uilete tuichape.