Macho Yaliyoinama Mpakani

Miaka 12 nimevusha machungwa ya Muheza kwenda Kenya. Pale mpakani Horohoro, kilomita 65 hivi kutoka Tanga mjini, nimezoea kuusikiliza mwili wa mtu sambamba na maneno yake.

Mnunuzi kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya, akilalamika, "Mama, bei yako kali," huku amechuchumaa kando ya tenga, analiminya chungwa na kulinusa, najua tutaafikiana. Akisifia "mazuri, mazuri" ilhali miguu imeshaelekea kwenye bodaboda, simsumbui tena. Mtu anayekuafiki hukugeuzia uso, mabega yakalegea, viganja vikafunguka. Aliyekuchoka hukupa bega, hubetua mdomo, au husonya. Na kwetu pwani mdogo kumsonyea mkubwa ni tusi kamili, hata asipotamka neno.

Lakini kuna ishara inayowaponza wengi, nayo ni macho.

Msimu mmoja kijana wangu wa kazi, aliyelelewa na bibi yake huko Duga, aliulizwa na mkaguzi mmoja idadi ya matenga garini. Akajibu, "Sitini," mikono nyuma, macho chini.

"Niangalie machoni!"

Akazidi kuinama. Mkaguzi akaamini kuna kinachofichwa, mzigo wote ukashushwa juani. Matenga yalikuwa 60. Machungwa ya chini yalipondeka, ila kilichoniuma zaidi ni kijana aliponiuliza, "Mama, mtu mzima ningemkaziaje macho?" Kwa bibi yake, kuinamisha macho ndiyo heshima. Kwa mkaguzi, ilikuwa hatia.

Kosa hilo limeenea duniani. Mwaka 2006 watafiti walichapisha majibu ya watu wa nchi 58 walioulizwa wanamtambuaje mwongo. Jibu lililotajwa kuliko yote: hakutazami machoni. Mwaka huohuo Charles Bond na Bella DePaulo wa Marekani walikusanya tafiti nyingi za namna watu wanavyotofautisha ukweli na uongo. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100, karibu sawa na kurusha shilingi juu. Mwongo anaweza kukukazia macho, na mkweli akayainamisha kwa haya, woga au malezi mema.

Basi nimejiwekea utaratibu. Siamini ishara moja. Natazama uso, mikono na sauti kama vinakubaliana. Kisha namlinganisha mtu na desturi yake mwenyewe. Nina mteja mzee ambaye siku zote hukunja mikono kifuani, na mgeni angedhani ana kinyongo. Siku moja alikuja mikono imening'inia tu, akitazama matenga bila kuyagusa. Nikamuuliza, "Baba, kuna nini?" Kumbe usiku ule alikuwa amefiwa na mdogo wake. Mwili ulinionyesha kwamba kuna jambo. Ni jambo gani, nilijua kwa kumuuliza.

Mkaguzi yule naye angeuliza swali la pili kabla ya kushusha mzigo, machungwa yangepona na kijana asingedhalilika mbele za watu.

Sikumfundisha kijana kukazia wakubwa macho, maana sitaki kuvunja alichojengewa na bibi yake. Nilimwambia atangulize sauti: "Shikamoo. Nakusikiliza, mzigo ni matenga sitini." Macho yake bado huinama, na sauti humtetea.