Mzee Hajapotewa na Akili: Angalieni Kwanza Masikio



Mzee alitoboa mwamba chini ya ardhi miaka ishirini na zaidi. Sasa yuko nyumbani. Mtoto anamwuliza: "Baba, ni saa ngapi?" Yeye anajibu habari ya taa. Watu wanacheka. Kesho wanacheka tena, kisha wanaacha kumwuliza. Wageni wakija anaketi pembeni peke yake. Anakasirika bure, anasahau majina. Mwishoni jirani ananong'ona kwamba mzee huyu ni mlozi.

Mara nyingi akili yake ni nzima, masikio ndiyo yamekufa. Lakini waganga wameona pia kwamba masikio yaliyokufa, yakiachwa hivyo miaka mingi, yanaweza kuivuta akili nayo ipunguke.

Ndani kabisa ya kila sikio mna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo. Sauti inavitikisa, navyo vinapeleka habari kwenye ubongo. Kelele kali inaviua, na havioti tena kama nywele za kichwa. Hatari inaanza kwenye desibeli 85 kwa kazi ya saa 8. Zikiongezeka 3 tu, muda wa salama unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kwenye 100 ni dakika 15, na mashini ya hewa ya kutoboa mwamba inapita hapo.

Tena ubaya huu hauumi. Unakula kwanza sauti nyembamba: s, f, t, sauti za wanawake na za watoto. Ndiyo maana mzee anasikia kwamba unasema, lakini hafahamu unasema nini. Kumpigia kelele hakumsaidii sana.

Ubongo unaokisia maneno kutwa nzima unachoka, na nguvu za kukumbuka zinapungua. Na mtu anayekimbia mazungumzo anauacha ubongo wake bila kazi. Mwaka 2011 waganga wa Johns Hopkins, huko Marekani, walieleza habari za watu 639 waliowafuata miaka mingi: mwenye usikivu uliopungua kidogo alikuwa katika hatari ya kupotewa na akili mara 2 kuliko anayesikia vizuri, aliyepungukiwa sana, mara 5. Si kusema kila kiziwi atafika huko, hapana! Mwaka 2023 wengine waliwajaribu wazee 977 wa miaka 70 hadi 84, nusu yao wakipewa vyombo vya kusikilizia. Baada ya miaka 3, kwa wote pamoja tofauti haikuonekana. Lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo, mwendo wa akili kupunguka ulikatwa karibu nusu.

Basi mpelekeni mzee kwa daktari. Pengine ni nta tu imeziba sikio, na itasafishwa siku ile ile. Nyumbani, zimeni redio, ketini mbele yake penye mwanga aone midomo, mseme polepole.

Nawe unayeshuka shimoni: vizibo vya masikio si vya kuning'inia shingoni. Nawa mikono, viringisha kizibo kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, ukishike mpaka kivimbe. Pamba haifai kitu. Tunajua mnavyosema: "Nikiziba, sitasikia mwamba ukilia." Neno hilo lina maana, mwamba unaua. Lakini mashini ikinguruma husikii mwamba hata bila vizibo. Simamisha mashini, toa vizibo, sikiliza, gonga mwamba wa juu, ndipo uendelee.

Na wewe mama, bwana akirudi kutoka kazini akaongeza sauti ya redio, au akisema masikio yanalia kama nzige, usingoje miaka ya uzee. Mwambie aende kupimwa masikio wiki hiyo hiyo.