Zimwi Katika Warsha ya Watoto: Mfano wa Lamadi

Neno "warsha" tumelitumia sana hapa chuoni hata limechuja. Tukisikia kuna warsha, wengi wetu tunafikiria ukumbi, maji ya chupa na karatasi ya kusaini posho. Lakini warsha pia ni karakana, yaani mahali pa fundi, penye vifaa na takataka za kazi, na anayeingia humo hutazamiwa kutoka na kitu alichokitengeneza. Katika makala haya nakusudia kueleza warsha ya aina hii ya pili, ile ya elimu na ubunifu kwa watoto walio kambini wakati wa likizo. Aidha, nitajaribu kujibu swali ambalo sisi wanafunzi wa fasihi huwa tunalipita pembeni: je, kile wanachokitunga watoto huko ni fasihi, au ni mchezo tu wa kuwapotezea muda?

Mfano wangu ni Lamadi, wilayani Busega, mkoa wa Simiyu, ambako nilisaidia kuendesha warsha za namna hii wakati wa likizo ya Juni. Kwa asiyepafahamu, Lamadi ni mji wa barabarani, kati ya Mwanza na Musoma, mahali inapochepuka njia ya kwenda Bariadi. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, upande mwingine kuna Serengeti na lango lake la Ndabaka. Neno "kambi" hapo si geni. Kuna kambi za wavuvi na kuna kambi za watalii. Mkoa wenyewe wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, ulijipatia jina nchini mwishoni mwa miaka ya 2010 kwa kambi za kitaaluma, ambamo wanafunzi wa madarasa ya mitihani waliwekwa pamoja wakapigwa msasa. Wazungu wanasema kambi ya kiangazi. Kwa bahati neno hilo linatufaa, maana Juni ni kiangazi kweli Usukumani: mavuno yamekwisha, pamba inauzwa, na vyama vya Bagalu na Bagika huanza kushindana kwa ngoma. Hivyo mtoto wa huko anajua tangu zamani kwamba kiangazi ni msimu wa sanaa. Hakungoja kuletewa habari hiyo na sisi.

Historia ya warsha hizi inatuhusu sisi watu wa Mlimani moja kwa moja. Mwaka 1982 hadi 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, Kwimba, ambako pia ni Usukumani. Hawakubeba tamthilia iliyokwisha andikwa. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza matatizo ya vijana, zikiwemo mimba za wasichana, kisha maonyesho yakajengwa kutokana na ngoma na nyimbo za hapo hapo. Mwaka 1996 mbinu hiyo ilizaa mradi wa TUSEME katika shule za sekondari, ambapo wasichana wenyewe waliyataja yanayowakwaza, wakayachambua na kuyaigiza. Mtu aliyemsoma Paulo Freire wa Brazili ataitambua falsafa yake mara moja: anayefundishwa si debe tupu la kumiminiwa maji.

Tuilinganishe njia hii na ngonjera. Tangu vitabu vya Mathias Mnyampala vya Ngonjera za UKUTA vilipoanza kutoka mwaka 1970, ngonjera imekuwa chakula cha kila sherehe ya shule. Sina ugomvi nayo kama utanzu. Ugomvi wangu ni matumizi yake. Mwalimu anatunga, mtoto anakariri, mgeni rasmi anapiga makofi. Mtoto ni kipaza sauti tu. Hebu sasa tuone warsha inavyokwenda kinyume cha hapo.

Warsha zetu zilikuwa na hatua nne. Ya kwanza ni kusimulia: mtu mzima au mtoto anatamba hadithi, wengine wamekaa duara. Ya pili ni kuuliza, na hapa kila mtoto lazima aulize walau swali moja, hata kama la kipuuzi. Ya tatu ni kutengeneza: kuchora, kufinyanga, kukata maboksi, kuigiza. Ya nne ni kuandika, na karatasi zinakunjwa na kushonwa kwa uzi zikawa kijitabu chenye jina la mtunzi kwenye jalada. Gharama ni ndogo mno. Maboksi tuliyaokota madukani na udongo ulitoka ziwani.

Hadithi iliyotawala ilikuwa ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, inayojulikana sana Usukumani. Katika toleo tulilosimuliwa, zimwi linameza watu wote na mifugo yao. Anabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Anajifungua mtoto wa kiume, naye akikua anauliza watu wote wako wapi. Akishajua, anaanza kuwinda. Anaua mdudu, anamletea mama yake: "Mama, ndilo hili?" Mama anasema silo. Anaua ndege, anauliza tena. Anaendelea hivyo na wanyama wakubwa zaidi mpaka anakutana na zimwi lenyewe, analiua, analipasua tumbo, na watu wote wanatoka. Ila katika kupasua, kisu kinamkata bibi kizee mmoja sikio. Yule bibi hashukuru hata kidogo. Anakasirika na kutaka kumdhuru kijana.

Jina la shujaa nalo linafaa kuchambuliwa. Kwa Kisukuma "masala" ni akili, na "kulanga" ni kufundisha. Kwa hiyo jina lenyewe linabeba akili na kufundishwa. Lakini tukitazama muundo wa hadithi, nani anamfundisha? Hakuna mwalimu humo. Kuna mtoto anayeuliza na mama anayejibu "silo" bila kumkemea. Mimi naona hadithi hii ni nadharia kamili ya elimu, tena imekuwepo kabla ya Freire.

Watoto walipofika hatua ya kutengeneza, hakuna aliyechora zimwi la vitabuni lenye pembe. Mmoja alichora tembo, maana tembo wakitoka hifadhini humaliza shamba kwa usiku mmoja. Mwingine alichora lori, na anayeishi kando ya barabara ile hahitaji kuelezwa sababu. Watatu walichora ziwa lenye mdomo. Mtoto wa mvuvi anajua kwamba ziwa humeza baba za watu na halipasuliwi tumbo.

Mjadala mkubwa ulizuka juu ya bibi wa sikio. Wavulana wengi walimwona mkorofi: ameokolewa, bado analalamika! Msichana mmoja wa darasa la tano akasimama akasema, "Bibi hakukataa kutoka. Alisema sikio linauma." Kundi lake likaigiza upya mwisho wa hadithi: kijana anampigia bibi magoti, anamwamkia, anaomba dawa, na bibi mwenyewe ndiye anayemwonyesha mti wa dawa. Jamani, sisi tunasoma muhula mzima namna msomaji anavyojaza mapengo ya matini. Pale pengo lilijazwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye boksi kichwani.

Kuna suala la lugha pia. Lamadi ina Wasukuma wengi na watu wa makabila mengine, na Kiswahili ndicho kiunganishi. Tuliruhusu mtoto asimulie kwa lugha ya nyumbani, kisha mwenzake aeleze kwa Kiswahili. Baadhi ya wazazi walihoji: mtoto amekuja kambini kujifunza, sasa mbona anaongea Kisukuma? Hoja yao ina uzito, kwa kuwa mtihani hauulizi Kisukuma. Lakini tuliona kwamba watoto waliokuwa kimya kwa Kiswahili walikuwa watambaji hodari kwa lugha zao, na waliposikia hadithi yao inafasiriwa na kupigiwa makofi, siku ya tatu walianza kuisimulia kwa Kiswahili wenyewe. Lugha moja iliibeba nyingine.

Hata hivyo, tusidanganyane. Warsha ina adui wa ndani, naye ni siku ya kufunga. Zikibaki siku mbili kila mtu mzima anaanza kutaka "kitu cha kuonyesha". Ikapendekezwa kwamba watoto wakaririshwe shairi la kumkaribisha mgeni na ule mjadala wa sikio uachwe, eti utachelewesha ratiba. Tulibishana sana. Mwishowe shairi lilikuwepo, fupi, na mjadala ulikuwepo, mbele ya wazazi, bila kukaririwa. Bibi mmoja katika hadhira alidakia kumtetea yule wa sikio, na kwa robo saa nzima hatukujua fanani ni nani na hadhira ni nani. Hiyo ndiyo sifa ya fasihi simulizi tunayoiandika kwenye mitihani, ila mara chache tunaiona ikitokea.

Jibu langu basi ni kwamba kinachotungwa kambini ni fasihi, kwa sababu kinapokea hadithi ya jadi, kinaihoji na kuirudisha kwa jamii ikiwa imebadilika. Tunachopungukiwa ni wahakiki. Vijitabu vile vilivyoshonwa kwa uzi huishia kuwashia moto jikoni, wakati sisi tunagombania riwaya zile zile nne maktabani. Napendekeza kila mwanafunzi wa fasihi anayekwenda nyumbani likizo akusanye walau hadithi tano zilizotungwa na watoto, aandike nani alisimulia, kwa lugha gani, na nini kilibadilishwa. Tukianza na hapo, mwaka ujao tutakuwa na kitu cha kubishania.