Mashine Kongwe ya Kudarizi: Tatizo Liko Mlangoni

Mashine ya kudarizi ya kiwandani iliyoundwa Japani miaka ya 1990, iwe Tajima au Barudan, bado inaweza kupiga kazi kutwa nzima ikitiwa mafuta na kutunzwa. Chuma chake hakijachoka. Kilichopitwa na wakati ni njia yake ya kupokea michoro. Nyingi zilitengenezwa kusoma disketi, na Sony, kampuni iliyoileta duniani disketi ya inchi 3.5, iliacha kuziuza Japani mwaka 2011. Fundi aliyenunua mashine ya aina hiyo ili adarizi nembo za sare za shule hujikuta ana mashine nzima isiyoweza kulishwa.

Wengi hudhani kompyuta huiendesha mashine ya kudarizi jinsi inavyoendesha printa. Sivyo. Bodi iliyo ndani ya mashine ndiyo inayosogeza fremu, kubadilisha sindano na kukata uzi. Kompyuta hukabidhi faili tu, na mashine ikishalihifadhi kwenye kumbukumbu yake, unaweza kuchomoa waya na kuzima kompyuta. Kwa hiyo huhitaji kompyuta ya bei mbaya. Unachohitaji kujua ni faili litaingilia wapi, na kwa masharti gani.

Tuanze na faili lenyewe. Mfumo wa DST wa Tajima ndio unaotumika zaidi viwandani, na ni mwepesi ajabu. Mwanzoni kuna kichwa cha baiti 512, chenye jina la mchoro, idadi ya stichi na vipimo vyake. Baada ya hapo kila stichi huchukua baiti 3, ambazo huiambia fremu isogee kiasi gani kutoka pale ilipo. Kipimo chake ni sehemu ya kumi ya milimita, na hatua moja haizidi milimita 12.1. Nembo ya stichi 20,000 ni takriban baiti 60,500 tu. Disketi ya megabaiti 1.44 inabeba zaidi ya ishirini za namna hiyo.

Udogo huo una gharama zake. DST haibebi rangi. Inabeba amri ya kubadilisha uzi tu. Nembo ikitoka na kijani palipopaswa kuwa njano, usiilaumu kebo: tazama mpangilio wa sindano ulioweka. Pia, kwa kuwa kila stichi inahesabiwa kutoka iliyotangulia, baiti moja ikipotea njiani, zote zinazofuata husomwa kombo. Ndiyo maana mchoro unaweza kuanza vizuri, kisha ghafla ukavurugika na kukimbilia pembeni mwa fremu.

Sasa milango. Geuza mashine utazame nyuma au ubavuni mwa kisanduku cha udhibiti. Ukiona tundu pana la pini 25 au dogo la pini 9, huenda ni mlango wa seriali wa RS-232; hakikisha kwenye kitabu cha mashine, maana umbo la tundu peke yake si ushahidi. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina mlango huo, hivyo utahitaji adapta ya USB. Nunua inayosema wazi kuwa ni ya RS-232. Zile za bei rahisi za wapenda elektroniki hutoa volti 5 au 3.3, ilhali RS-232 hupanda na kushuka chini ya sifuri, hadi volti 15 kila upande. Ukizichanganya, adapta inaweza kuungua.

Kebo nayo lazima iwe ya kupishanisha, ili anayetuma upande huu akutane na anayepokea upande wa pili. Mafundi wengi hukwama hapa. Kwenye plagi ya pini 9 ya kompyuta, pini 2 hupokea na pini 3 hutuma. Kwenye ya pini 25 mambo hugeuka, pini 2 hutuma na pini 3 hupokea. Kwa hiyo, mashine ikifuata mpangilio huo wa kawaida, 2 huenda kwa 2, 3 kwa 3, na pini 5 ya kompyuta huenda kwenye pini 7 ya mashine. Bado kuna nyaya mbili ambazo mashine huzitumia kusema "ngoja kidogo" kumbukumbu yake inapojaa: pini 7 ya kompyuta huenda kwenye 5 ya mashine, na 8 huenda kwenye 4. Hizi zikikosekana, faili dogo litapita vizuri na kubwa litakatika katikati.

Kisha pande zote mbili ziwekwe kasi moja, tuseme 9600, pamoja na idadi ileile ya biti. Ukiona takataka au ukimya, shusha kasi kwanza kabla ya kuifungua bodi. Kebo isizidi mita 15, isilale sambamba na waya wa umeme wa mota, na ichomekwe vifaa vyote vikiwa vimezimwa.

Mlango wa pili ni ule wa disketi wenyewe. Zipo draivu za kuigiza, kama Gotek, zinazokaa mahali pa draivu ya zamani na kutumia utepe uleule wa pini 34. Unachomeka flashi, unachagua namba, na mashine inaamini imepewa disketi. Faida yake ni kwamba kompyuta hubaki mbali na vumbi la nyuzi na mafuta. Lakini ujue kwanza kama mashine yako hutumia disketi za kilobaiti 720 au megabaiti 1.44, na zimeandikwa kwa mfumo gani. Baadhi ya Tajima na Barudan za zamani hutumia mfumo wao wenyewe. Ukiingiza disketi hizo kwenye kompyuta, Windows itasema hazijafomatiwa na kuomba izifomati. Ukikubali, umefuta michoro yote ya mteja. Bonyeza hapana, kisha tafuta programu inayoufahamu mfumo wa mashine hiyo.

Kutengeneza michoro hakulazimu programu ya mamilioni. Ink/Stitch ni ya bure, hufanya kazi ndani ya Inkscape, na huhifadhi kwa DST. Lipe faili jina fupi lisilozidi herufi nane, bila nafasi. Jaribu kwanza mraba mdogo wa stichi mia chache kwenye kitambaa chakavu, kisha upime kwa rula: ukitoka sawa, jaribu faili kubwa kabla ya kupokea kazi ya mteja.

Na kama bado hujanunua mashine, muuzaji akupe kitabu chake na aiwashe mbele yako. Mwombe aingize mchoro mpya, usiokuwemo kwenye kumbukumbu. Mashine inayodarizi ua lililohifadhiwa ndani tangu zamani imethibitisha kuwa mota zake ni nzima. Haijathibitisha kwamba mlango wake unafunguka. Akishindwa kuingiza mchoro huo, toa kwenye bei gharama ya adapta, kebo au draivu ya kuigiza.